Msitoe Damu Wote kwa Siku Moja

Vijana wangu, kadi yenu imenifikia. Jofrey, mwenyekiti wenu, aliileta Jumapili baada ya misa, amechomekea na viatu vimepigwa rangi, akaniamkia shikamoo Bibi kwa sauti ya mtu anayejua anakuja kugombezwa. Kadi inasema niwe mgeni rasmi kwenye ile siku yenu kubwa ya mwisho wa mwaka, na kwamba safari hii klabu nzima itatoa damu asubuhi moja, ili mwaka jana uonekane mdogo. Niliisoma, nikaiweka chini ya kikombe cha chai, nikamwambia Jofrey akae. Niliyomwambia siku ile nayaandika hapa kwa sababu alipoaga niliona hajayameza yote, na ninyi wengine hamkuwepo.

Nina hasira nanyi. Nalisema mapema ili mtu asidhani bibi amekaa kwenye jua anasimulia ya ujana wake. Nilifanya kazi ya kukusanya damu hospitalini hapa Sumbawanga tangu nikiwa binti mpaka nywele zikageuka rangi, nimeona mengi ya kuudhi, lakini sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika Januari ile alipofariki Minza, mke wa Ngasa, yule mfugaji kutoka bondeni. Wengi wenu mlikuwepo nje ya wodi na fulana zenu nyekundu. Nitafika kwa Minza. Kwanza nataka mjue klabu hii ilikuwaje kabla haijawa na fulana.

Kazi yangu ilinipa tabia mbaya ambayo mpaka leo haijanitoka. Nikikutana na mtu, macho yangu yanatoka usoni yanashuka kwenye kiwiko, naangalia mshipa. Wauza duka wa mtaa wa Majengo waliniita Mama Damu, na wapo waliokuwa wakiniona nakuja wanajifanya wanapanga mizigo chini ya meza. Vijijini ilikuwa mbaya zaidi. Huko kulikuwa na habari za mumiani, watu wanaonyonya damu za wenzao na kuziuza, basi mwanamke anayeshuka kwenye gari akiwa na sindano na masanduku ya barafu unadhani watamwita nani? Watoto walikuwa wanakimbilia mahindini, na mama zao wanatabasamu kwa heshima huku mguu mmoja uko ndani ya mlango.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mama Gaudensia, muuguzi mkuu wa maabara ya damu pale hospitalini, mwanamke mfupi, mkali, anayeongea taratibu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Yeye ndiye aliyenikataza kumuuliza mtu kama amekula. Alisema Mfipa ukimuuliza amekula atakujibu ndiyo hata kama tumbo linanguruma, kwa sababu kusema sijala ni kama kuomba chakula. Muulize amekula nini. Akisema chai, maana yake hajala. Akisema ugali na maharage, mwangalie vidole, maana aliyekula ugali asubuhi hawezi kuficha. Mnacheka, lakini nimeona wenzenu wa siku hizi wanamwekea mtu alama ya vema kwenye karatasi, halafu dakika chache baadaye wanamwokota sakafuni.

Na mwenye sauti kubwa kuliko wote mlalisheni karibu na ukuta. Yule kijana anayewacheka wenzake, anayesema mimi toeni hata ndoo, huyo ndiye anayeanguka. Akina mama wa kijiji cha Pito wenye mikono migumu kwa jembe sijawahi kumwona hata mmoja akizimia. Wanatoa, wanashusha mkono wa gauni, wanauliza wapi pa kuchota maji.

Kabla ya Mama Gaudensia kuanzisha klabu, damu ilitoka kwa ndugu tu. Mgonjwa akiletwa, daktari anauliza ndugu zake wako wapi. Mwenye ndugu wengi anapona, mgeni anakufa. Mji wetu una wageni wengi. Kuna watu wa Mbeya waliokuja kwa ualimu na biashara, kuna wafugaji waliotoka huko kaskazini na ng'ombe wao wakatafuta malisho bondeni. Hawa wakiugua hapa, ndugu wako safari ya siku kadhaa. Mama Gaudensia alichoka kuona wageni wakifa kwa sababu ni wageni. Akaita marafiki zake, watu wa kwaya, fundi cherehani mmoja, wauza nguo wa Majengo, wakulima wachache wa Pito, akawaambia kuanzia leo mgonjwa asiye na ndugu ninyi ndio ndugu zake. Hatukuwa na katiba wala wimbo. Tulikuwa na sufuria kubwa ya uji.

Kati ya hao wa mwanzo alikuwapo Kasian, mkulima wa Pito, mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha tumbaku ambacho unakisikia kabla hujamwona. Mwingine alikuwa Mwalimu Ambakisye, aliyehamishiwa hapa kutoka Mbeya. Mwalimu alikataa kutoa damu mwaka mzima. Kwao alikuwa ameambiwa mambo ya Sumbawanga, ninyi mnajua ni mambo gani, na aliamini kwamba damu yake ikibaki hapa usiku mmoja atarogwa aamke yuko juu ya paa la nyumba ya mtu. Mama Gaudensia hakumbishia. Alimchukua akamwonyesha friji, akamwonyesha mahali pa kufungia, akampa ufunguo akae nao mpaka asubuhi. Asubuhi Mwalimu alirudisha ufunguo akiwa mwenyewe amekunja mkono wa shati.

Tulipompima tukakuta ana kundi O hasi, ambalo huku kwetu ni la kutafuta kwa tochi, na mwingine pekee tuliyekuwa naye wa kundi hilo alikuwa Kasian. Basi wale wawili wakawa ndugu. Mmoja analima matuta, mwingine anafundisha hesabu, hawakuwa na cha kuongea zaidi ya mvua, lakini hawakuachana. Wakapatana jambo moja: hawatatoa damu kwa wakati mmoja hata iweje. Mmoja akitoa, mwingine anakaa na damu yake mpaka mwenzake arudie hali yake. Mnajua, au mngejua kama mngeuliza, kwamba mwanaume akitoa anapumzika miezi mitatu, mwanamke minne. Kwa hiyo wale walikuwa wakikutana njiani, hata kabla ya habari za nyumbani, mmoja anauliza, "Umejaa?" Na mwenzake anajibu, "Nimejaa," au anajibu, "Bado, ni zamu yako kulinda."

Salamu ile ikaenea. Klabu yote ikawa inaulizana hivyo, sokoni, kanisani, kwenye foleni ya maji. Mtu asiyetujua alituona wehu. Lakini nani kati yetu hakuelewa maana yake? Ilikuwa kukumbushana kwamba rafiki yako ametoa na wewe umebaki kwa niaba yake, na mgonjwa wa kesho atakuta mkono.

Hayo hayakuja yenyewe. Tulifundishwa na Pito, na walitufundisha kwa kutukosesha damu. Mnajua desturi yetu. Mtu akiwa na shamba la kuinua matuta anaita majirani, wanakuja wote siku moja na majembe, wanafukia majani chini ya udongo mpaka jioni, na mwenye shamba anakuwa amepika pombe ya ulezi kuwangojea. Kuezeka nyumba ni hivyohivyo. Msiba ni hivyohivyo. Kwetu kumsaidia mtu ni kufika, na kufika ni kufika wote. Sasa Mama Gaudensia alipowaambia watu wa Pito kwamba tunakuja kuchukua damu, walielewa wameitwa kwenye kazi ya pamoja, wakafanya kama inavyofanywa. Walikuja wote, na pombe ikapikwa.

Sisi hatukuijua habari ya pombe. Tulikuwa tunafunga masanduku yetu, tumefurahi, friji itajaa, mara tunasikia vigelegele nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wa kijiji. Tukakuta mitungi imefunguliwa. Mtu aliyetoa damu akinywa kibuyu kimoja ni kama amekunywa vitano, na wale walikuwa wameshavuka kimoja. Kasian alikuwa amemkumbatia mbuzi. Mzee mmoja wa kanisa alikuwa amelala kwenye majani anaimba zaburi kwa Kifipa, kwa ufasaha sana. Mama Gaudensia hakupaza sauti. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya mitungi, akasema atakayetaka kunywa amnyanyue yeye kwanza, na akakaa pale mpaka watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Majuma machache baadaye ilikuja homa ya watoto, na Pito nzima haikuwa na mtu wa kutoa. Tulibahatika, kwaya ilikuwa haijatoa. Ndipo Mama Gaudensia akarudi Pito, akakaa nao, akawaambia kwamba damu ni kazi pekee ambayo ukienda na jirani zako wote unakuwa umeharibu. Walibishana naye sana. Mzee mmoja alimwambia, kwa adabu zote, kwamba kumwacha mwenzako aende peke yake ni uvivu. Yeye akamjibu kwamba kwenye jembe ni uvivu, kwenye damu ni ulinzi. Walielewa, watu wa Pito. Hawakuwa na simu, hawakuwa na semina, na walielewa kwa mazungumzo ya siku moja.

Tangu hapo tukapanga zamu kwa kazi za watu. Wakulima walitoa baada ya mavuno, wakati wa baridi, jembe limepumzika na ghala lina chakula. Wauza duka wa Majengo walitoa masika, maana masika wateja wako mashambani na muuza duka anapiga miayo. Walimu walikaa katikati kuziba mapengo. Hata Kirando tulijifunza. Mara ya kwanza tulishuka kule ziwani wakati wa giza la mwezi, tukakuta wanaume wote wamelala mchana, wametoka kuvua dagaa usiku kucha, na wanawake wako kwenye vichanja wanaanika. Mama mmoja alitutazama na masanduku yetu akauliza kama tunataka damu ya watu waliolala au ya dagaa. Tukarudi tena mwezi ulipokuwa mkubwa, taa za kuvutia dagaa hazifai kitu, mitumbwi imepumzika, tukapokelewa vizuri, tena tukapewa samaki wa kubeba.

Friji yetu ilikuwa moja na bado ni moja. Damu ikishawekwa haikai zaidi ya majuma matano. Lakini damu iliyo ndani ya mtu aliyelala kwake amekula ugali wake haiharibiki. Mama Gaudensia alisema friji kubwa ya Sumbawanga ni Majengo na Pito, ile ya hospitali ni ya kuonyesha wageni. Haya mlipaswa kuniuliza. Nilikuwa hai, nyumba yangu mnaijua.

Nilipostaafu klabu ilidhoofika, na hapo siwadanganyi, Jofrey ndiye aliyeifufua. Yeye anauza simu Majengo, anafahamiana na kila mtu, ana moyo. Alikusanya waendesha bodaboda, mabinti wa saluni, wanafunzi wa vyuo, watoto wa watumishi, watoto wa wafugaji, Wafipa na Wanyakyusa na Wasukuma kwenye kundi moja la simu, mnataniana, mnazikana, mnachangiana harusi. Nilipoona hivyo nilifurahi mpaka nikapika. Mambo, poa, mshikaji, mimi hayo hayanisumbui. Urafiki wenu ni wa kweli na sijawahi kuutilia shaka.

Halafu mkaja na siku kubwa. Fulana nyekundu, muziki wa spika, turubai, mchele. Mkaiweka Desemba, kwa sababu Desemba vijana wa mbali wako nyumbani na picha zinapendeza. Nilikuwepo, safu ya pili. Nikawaona mnaingia kwa foleni, rafiki na rafiki, mnashikana mikono, mwingine anarekodi, mwingine anamtania mwenzake kwa mshipa kukimbia. Nilimvuta Jofrey pembeni nikamwambia mwanangu, nusu ya hawa wasimamishe. Akaniambia, "Bibi, watu hawaji kama hakuna sherehe. Nikiwarudisha leo, sitawaona tena." Alikuwa na watu wakubwa wamekaa mbele wanangoja kutangaza idadi. Nikasimamishwa nikapigiwa makofi, nikapewa fulana. Ninaidekia sakafu.

Kulikuwa na mmoja aliyekataa kutoa siku ile. Alfonsina, muuza mboga wa Majengo, binti wa fundi cherehani wetu wa zamani. Alisema baba yake alimfundisha kungoja masika, na atangoja. Mlimwambia nini? Mlimwambia ana roho ya korosho. Mkamtoa kwenye kundi la simu kwa kukosa umoja. Niliyasikia hayo baadaye sokoni, yeye akinichagulia nyanya, wala hakuyasema kwa uchungu.

Sasa ile damu. Nyingine ilipelekwa wilayani, nyingine ikatumika. Lakini ilikuwa nyingi kuliko wagonjwa wa majuma yale, na ilikuwa imeingia yote siku moja, kwa hiyo ikafika mwisho wake yote siku moja. Kijana niliyemwachia kazi maabara alikuja kwangu kuniambia mwenyewe, amekaa pale pale alipokaa Jofrey juzi. Waliichoma. Mifuko ya damu yenu, ya Jofrey, ya mabinti wa saluni, ya wale wa bodaboda waliokuwa wakitaniana, iliingia kwenye tanuri la hospitali pamoja na bandeji chafu. Hakuna aliyewaambia, kwa sababu wakubwa hawakutaka kuwavunja moyo. Mimi nataka kuwavunja. Ndicho kilichotokea kwa zawadi yenu.

Hazikupita siku nyingi ndipo Ngasa alipomleta Minza. Walitoka bondeni na mvua, barabara ya kupanda mlima ilikuwa tope, wakasukuma gari sehemu mbili. Mtoto alikuwa amezaliwa njiani, wa kike, mzima. Minza alikuwa anatoka damu bila kukatika. Friji ilikuwa na mfuko mmoja wa kundi lake, na kundi lake lilikuwa O ya kawaida, ile ambayo ukitupa jiwe Majengo linampiga mwenye nayo. Ngasa hakulingana naye. Mdogo wake Ngasa alilingana, akatoa. Alfonsina alipigiwa simu na kijana wa maabara, akaacha meza yake ya mboga wazi, akaja, akatoa. Haikutosha.

Na ninyi mkaja. Kijana wa maabara alimwomba Jofrey awatume watu, Jofrey akaandika kwenye kundi, na ndani ya muda mfupi uwanja wa hospitali ulikuwa mwekundu kwa fulana. Nilifika na kanga yangu ya nyumbani. Sijawahi kuona watu wengi hivyo wakimkimbilia mgonjwa wasiyemjua. Jofrey alikuwa wa kwanza, mkono umeshakunjwa. Na kijana wa maabara amesimama mlangoni anawauliza mmoja mmoja ametoa lini, na kila mmoja anajibu jibu lilelile.

Mlimwomba avunje utaratibu. Mwingine alilia. Alijaribu, nawaambia alijaribu. Aliwatoboa vidole waliosisitiza, akadondosha tone kwenye maji ya bluu, ile njia yetu ya zamani. Tone likizama, damu ni nzito, mtu anafaa. Likielea, haitoshi. Nilisimama nyuma yake nikaangalia. La Jofrey lilielea. La yule binti wa saluni aliyekuwa analia lilielea. Mlikuwa hamjala vizuri tangu sikukuu, mlikuwa mmepungukiwa, na ukimtoa damu mtu kama huyo unapata wagonjwa wawili. Akaacha kutoboa.

Ngasa alikuwa amekaa kwenye benchi na mtoto kifuani, ndani ya koti lake kwa sababu ya baridi. Aliona watu wakiingia na kutoka, wanaongea, wanapiga simu, wamevaa sare. Aliponiona mimi mtu mzima, alisimama. Hakuwa na hasira, alikuwa anataka kuelewa tu.

"Mama," aliniuliza, "hawa wote wamekuja kufanya nini?"

Nilimfunika mtoto vizuri ndani ya koti. Minza alifariki alasiri ile.

Kesho yake mmoja wenu aliweka picha. Mmesimama nje ya wodi, nyuso za huzuni, fulana zinaonekana vizuri, na maneno chini yake kwamba klabu ilikuwepo wakati jamii ilipoihitaji. Nilionyeshwa na mjukuu wangu. Watu wengi waliipenda. Jofrey, nasikia, aliomba ifutwe, na kwa hilo namshukuru, lakini ilikuwa imeshazunguka mji.

Ndiyo maana kadi yenu imenikasirisha. Mngekuwa wachoyo ningewaacha, hospitali imeshawazoea wachoyo. Lakini ninyi mlikuja. Mlikuja na upendo wote na mikono mitupu, kwa sababu mlitaka kutoa pamoja, mpigwe picha pamoja, mhisi pamoja. Na sasa mnataka kurudia, wengi zaidi. Jofrey alipokuwa anaondoka nilimuuliza kama anakumbuka swali la Ngasa. Alisema hulisikia kila akifungua duka. Nikamuuliza, basi kwa nini kadi? Akasema tena lile la sherehe, kwamba bila sherehe watu hawaji, na safari hii alilisema huku anaangalia sakafu.

Haya, jibu langu ni hili. Nakuja. Fanyeni sherehe yenu, wekeni spika, pikeni mchele, nitacheza kama magoti yatakubali. Lakini mgeni rasmi hatakaa mbele. Nitaweka kiti changu kwenye mlango wa chumba cha kutolea, kama Mama Gaudensia alivyokaa mbele ya mitungi, na anayetaka kuingia bila ruhusa yangu aninyanyue kwanza. Wataingia wachache. Wengine wote nitawarudisha kwenye mchele. Nitawapa zamu zao kwa mdomo wangu, bodaboda mwezi fulani, saluni mwezi fulani, wauza simu masika, na kila mmoja atachagua rafiki mmoja wa kundi lake la damu ambaye hatatoa naye pamoja maisha yao yote. Alfonsina atarudishwa kwenye kundi la simu kabla sijafika, na atakaa karibu nami. Wakubwa wakiuliza idadi, nitawatangazia idadi ya waliobaki wamejaa.

Kasian na Mwalimu Ambakisye nitawaalika. Umri umewazidi wote wawili, hakuna atakayewachukua hata tone. Mwalimu alistaafu akajenga hapa hapa, Sumbawanga aliyokuwa akiiogopa. Bado wakikutana wanaulizana kama wamejaa, na bado wanajibizana kwa uzito uleule. Mkae karibu nao mjifunze namna ya kuuliza.

Na masika yakianza, barabara ya bondeni ikikatika, nitapita Majengo duka kwa duka niwaulize na mimi kama mmejaa. Siku mgonjwa atakapoletwa na mume amekaa kwenye lile benchi na mtoto ndani ya koti, sitaki kuuona uwanja umejaa watu. Bakini kwenye kazi zenu. Nataka nimwone mmoja tu anakatiza uwanja ule, bila fulana, anatembea taratibu, ameshakula, anakunja mkono wa shati, anampita huyo Ngasa mwingine na kuingia ndani.